Saa za bure zimetangazwa, mlezi atalipwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wasomaji wenzangu juu ya jambo ambalo limejadiliwa sana huko Uingereza tangu mwaka 2023, nalo ni ahadi ya serikali ya nchi hiyo ya kugharamia malezi ya watoto wadogo wakati wazazi wao wako kazini.

Huenda msomaji akauliza, bajeti ya Uingereza inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wako ndugu zetu wanaofanya kazi huko, hasa katika hospitali na katika nyumba za kutunzia wazee, na watoto wao nao wanahitaji mtu wa kuwalea. Pili, sisi nasi kila mwezi wa Juni hukaa karibu na redio kumsikiliza Waziri wa Fedha, na yafaa tujue namna ya kuipima ahadi ya bajeti kabla ya kuipigia makofi au kuizomea.

Ahadi yenyewe

Ni vizuri tuanze na ahadi yenyewe, maana wengi hubishana juu ya jambo walilolisikia nusu.

Tarehe 15 Machi, 2023, Bwana Jeremy Hunt, aliyekuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya chama cha Conservative, alisimama Bungeni mjini London akatangaza kwamba serikali italipia saa 30 za malezi kwa juma kwa watoto wa wazazi wanaofanya kazi, tangu mtoto atimizapo miezi tisa mpaka aanzapo shule. Kabla ya hapo saa 30 zilikuwa za watoto wa miaka mitatu na minne tu, na mpango huo wa kwanza ulianza Septemba, 2017. Ahadi mpya ilipangwa kutekelezwa kwa hatua tatu. Aprili, 2024, watoto wa miaka miwili wapate saa 15. Septemba, 2024, saa hizo 15 ziwafikie watoto wa miezi tisa. Na Septemba, 2025, wote hao wapate saa 30 kamili. Ilikadiriwa kwamba ifikapo mwaka wa fedha 2027/28, nyongeza hiyo ingeigharimu serikali pauni bilioni 4.1 kwa mwaka. Ahadi ilihusu England peke yake, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hujipangia zenyewe mambo ya malezi.

Hakuna aliyeweza kusema kwamba shida yenyewe ilikuwa ya kubuni. Mzazi wa huko asiye na bibi wa mtoto karibu hana budi kulipa. Uchunguzi wa shirika la Coram Family and Childcare wa mwaka huo wa 2023 ulionyesha kwamba kumweka mtoto wa chini ya miaka miwili katika kituo cha kulelea watoto kwa juma zima la kazi kuligharimu wastani wa pauni 14,836 kwa mwaka. Mama mwenye mshahara wa kawaida alipopiga hesabu aliona kwamba akirudi kazini, sehemu kubwa ya mshahara itaishia mlangoni mwa kituo. Ndiyo maana tarehe 29 Oktoba, 2022, maelfu ya wazazi na watoto wao waliandamana katika miji mbalimbali wakidai malezi ya bei nafuu. Bajeti ya Machi, 2023, ilikuwa jibu kwao.

Shangwe na mashaka

Basi wananchi waliipokeaje? Waliipokea kwa sauti mbili.

Wazazi wengi walifurahi, na haki yao. Kwa miaka mingi waliambiwa kwamba kulea mtoto ni jambo la mtu na nyumba yake. Sasa Waziri wa Fedha, na wa chama cha matajiri tena, anatamka mbele ya Bunge kwamba malezi ya mtoto mchanga ni sehemu ya uchumi wa nchi. Ofisi inayokagua makadirio ya bajeti ya Uingereza ilikisia kwamba kutokana na mpango huo watu wapatao 60,000 zaidi wangeingia kazini ifikapo mwaka 2027/28, na kwamba akina mama waliokwisha kuwa kazini wangeongeza saa zao.

Lakini wazazi wengine walitazama kalenda wakanyamaza. Mtoto aliyekuwa na miaka miwili siku ile ya hotuba angekuwa amekwisha kuvuka umri huo kabla ya hatua ya mwisho kufika. Tena saa hizo 30 ni za majuma 38 ya mwaka, yaani majuma ya muhula wa shule. Ukizidisha unapata saa 1,140. Ukizigawa kwa majuma 52 ambayo mfanyakazi anahesabiwa, unapata karibu saa 22 kwa juma. Mwajiri hafungi ofisi shule zikifungwa. Kwa hiyo neno "saa 30" lilikuwa kweli kwa mwalimu wa shule, na lilikuwa pungufu kwa muuza duka.

Wenye vituo vya kulelea watoto ndio waliotia mashaka zaidi. Yapasa ieleweke kwamba serikali ya Uingereza haiendeshi vituo vingi yenyewe. Vingi ni vya watu binafsi, vya makampuni na vya mashirika ya hisani, na serikali hulipa kiasi fulani kwa kila saa ya mtoto. Wenye vituo waliuliza swali moja tu: je, kiasi hicho kitatosha?

Pengo

Swali hilo halikuwa la uchoyo. Mwaka 2021, baada ya kudaiwa kwa muda mrefu na chama cha vituo kiitwacho Early Years Alliance, serikali ililazimika kutoa nyaraka zake za mwaka 2015. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba maofisa walikuwa wamekadiria kuwa saa moja ya kumlea mtoto wa miaka mitatu au minne ingefikia gharama ya pauni 7.49 ifikapo mwaka 2020/21. Mwaka huo ulipofika, serikali ilikuwa ikilipa wastani wa pauni 4.89. Maofisa walijua hata matokeo yake, kwamba vituo vitafidia kwa kupandisha bei kwa watoto wadogo zaidi ambao saa zao hazikuwa zikilipiwa na serikali.

Tupige hesabu ya dukani. Tofauti ya pauni 7.49 na 4.89 ni pauni 2.60 kwa saa. Zidisha kwa saa 1,140 za mwaka, unapata pauni 2,964 kwa mtoto mmoja. Fedha hizo lazima zitoke mahali. Kituo kikiwa na watoto wachanga ambao wazazi wao hulipa wenyewe, basi wazazi hao ndio waliokuwa wakiziba pengo la watoto wakubwa.

Sasa msomaji ataona kwa nini ahadi ya 2023 iliwashtua wenye vituo. Ikiwa serikali inachukua na watoto wachanga pia, ni mzazi gani atabaki wa kuziba pengo? Wachumi wa Institute for Fiscal Studies walikadiria kwamba mpango ukikamilika, serikali ndiyo itakuwa inapanga bei ya saa kama 80 katika kila 100 za malezi ya watoto wasioanza shule. Mnunuzi akishakuwa mmoja, bei yake ikiwa ndogo muuzaji hana pa kukimbilia.

Kweli, serikali iliongeza malipo. Bajeti ile ile ilitenga pauni milioni 204 kuanzia Septemba, 2023, na kiasi cha saa ya mtoto wa miaka miwili kilipandishwa kwa karibu theluthi moja. Wenye vituo vya watoto wachanga katika sehemu nyingine walikiri kwamba kiasi hicho ni afadhali. Lakini kwa watoto wa miaka mitatu na minne, ambao ndio wengi, nyongeza ilikuwa ya senti chache. Basi vituo vikaanza kutoza chakula, nepi na safari za watoto, na mzazi aliyeambiwa "bure" akapokea hati ya madai mwisho wa mwezi. Malalamiko yalizidi hata mwaka 2025 serikali ikatoa mwongozo kwamba kila gharama iandikwe mbalimbali na kwamba mzazi asilazimishwe kulipia vitu hivyo ili apate saa zake. Mwongozo huo ni mzuri kwa mzazi. Hata hivyo wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mwongozo haukusema kituo kitoe wapi fedha za uji.

Mikono ya kulea

Naomba sasa niseme juu ya mlezi, kwa sababu kazi hiyo naijua. Miaka ya 1980 nilifanya kazi katika kituo cha kijiji cha kulelea watoto mchana. Nilikuwa nawapokea wakati mama zao wanakwenda shamba, nawapa uji, nawaimbisha, nawalaza. Posho yetu walezi ilikuwa ya kuahidiwa. Ilipokuja tulishukuru, na isipokuja watoto walifika asubuhi vile vile na njaa zao. Mwenzangu mmoja aliacha, kisha mwingine, nami nikabaki na watoto ambao zamani walikuwa wa watu watatu. Mtoto wa miaka miwili si debe la kuweka pembeni. Ukimfuta kamasi huyu, yule amekwisha tia kokoto mdomoni. Fedha zikipungua katika kazi ya namna hii, kinachoziba pengo ni mwili wa mlezi.

Kwa sababu hiyo kifungu kimoja cha bajeti ile ya Uingereza kilinigusa kuliko vyote. Serikali iliruhusu mlezi mmoja awe na watoto watano wa miaka miwili badala ya wanne. Ilisema haimlazimishi mtu, ni hiari ya kituo, na kwamba Scotland walikuwa na kiwango hicho tayari. Wazazi walikwisha kuonyesha msimamo wao mapema, kwani mwaka 2022 zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga jambo hilo, likajadiliwa Bungeni. Hata hivyo ruhusa ilianza Septemba, 2023. Mimi nasema hiari ya mtu mwenye deni si hiari kamili. Kituo chenye pengo la fedha kitaona mtoto wa tano kama njia ya kupumua.

Tena walezi wenyewe wako wapi? Kazi hii huko hulipwa karibu na kima cha chini cha mshahara, na wengi wameiacha wakaenda kuuza madukani, ambako hakuna mtoto wa mtu anayeweza kuumia mikononi mwao. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba ili ahadi ya Septemba, 2025, itimie, zilihitajika nafasi 70,000 zaidi na wafanyakazi wapatao 35,000 zaidi. Ilitoa kishawishi cha pauni 600 kwa anayeanza kulea watoto nyumbani kwake, na pauni 1,200 kwa anayejiunga kupitia wakala. Lakini mtu huvutwa kazini kwa kishawishi na hubakizwa na mshahara.

Waliobaki nje

Kundi jingine lililosema ni la wale ambao ahadi haikuwataja. Ili upate saa hizo, kila mzazi sharti awe anapata angalau mshahara wa saa 16 kwa juma kwa kima cha chini, na asiwe anazidi pauni 100,000 kwa mwaka. Kwa mtu wa kawaida kikomo hicho cha juu ni kama hakipo. Kikomo cha chini ndicho kikali. Mama aliyepoteza kazi, mama anayesoma ili apate kazi, mama mwenye vibarua vya saa chache, wote hao wako nje. Wachumi niliowataja walikadiria kwamba katika familia zenye pato la chini ya pauni 20,000, ni moja tu katika tano ingepata lolote katika haki hizi mpya, ambapo katika zenye zaidi ya pauni 45,000 zingepata nne katika tano. Watoto wa miaka mitatu na minne wa familia maskini wanazo saa 15 za watoto wote, na baadhi ya wale wa miaka miwili wana saa zao za zamani. Lakini fedha mpya zilikwenda kwa aliye kazini. Huko Scotland, tangu Agosti, 2021, kila mtoto wa miaka mitatu na minne anapewa saa 1,140 kwa mwaka bila kuulizwa mama yake anafanya kazi gani. Kupanga ni kuchagua, na kila upande umechagua.

Hapa ndipo watu wetu wanapoingia. Mhamiaji ambaye hati yake ya kuishi imeandikwa kwamba hana haki ya kupata fedha za umma, na mwenzake wa ndoa naye ni hivyo hivyo, hapewi saa hizi mpya, hata kama wote wawili wanafanya kazi mchana kutwa na kulipa kodi. Mimi nina binti huko, muuguzi, na mumewe pia ana kazi. Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu. Binti hufanya zamu ya usiku, mumewe ya mchana, na mtoto hukabidhiwa mlangoni kama wakimbiaji wakabidhianavyo kijiti. Siku za mapumziko hulala. Mara mbili wameniomba niende nikawasaidie, na wazee wenzangu wengi hapa nchini wamepata simu kama hiyo. Nasimulia haya ili ndugu wanaojiandaa kwenda na watoto wachanga waulize mapema hati yao itasemaje, wasije wakapanga maisha kwa kutegemea tangazo la bajeti.

Bajeti ya pili

Julai, 2024, Waingereza walipiga kura, serikali ya Conservative ikaondoka na chama cha Labour kikaingia. Chama hicho hakikuifuta ahadi, kiliirithi, kikaongeza ahadi yake cha kufungua vituo 3,000 ndani ya shule za msingi. Shule 300 za kwanza zilitangazwa Aprili, 2025.

Kisha ikaja bajeti ya tarehe 30 Oktoba, 2024, ya Waziri mpya wa Fedha, Bibi Rachel Reeves. Kwa mkono mmoja iliongeza fedha za malezi. Kwa mkono wa pili ilipandisha mchango wa bima ya taifa anaotoa mwajiri kwa kila mfanyakazi, kutoka asilimia 13.8 hadi 15 kuanzia Aprili, 2025, na mchango huo ukaanza kukatwa kwenye mshahara wa pauni 5,000 badala ya 9,100. Mwezi huo huo kima cha chini kilipanda kufikia pauni 12.21 kwa saa. Kima kupanda ni haki ya mlezi, nami siwezi kukipinga. Lakini shule za serikali zilirudishiwa gharama ya mchango ule, na vituo vya watu binafsi na vya hisani, vinavyolea watoto wale wale kwa mpango ule ule, havikurudishiwa. Wenye vituo walipiga kelele tena, wakaambiwa nyongeza ya malipo ya saa itawatosha.

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Septemba, 2025, ilifika, na saa 30 zilianza kwa watoto wa miezi tisa kama ilivyotangazwa zaidi ya miaka miwili nyuma na serikali nyingine. Familia nyingi zilizostahili zilipunguziwa mzigo mkubwa, na wako akina mama waliorudi kazini ambao wasingeweza. Hilo ni jambo kubwa na lisifiwe. Lakini mzazi aliyepata karatasi ya haki akakosa kituo chenye nafasi mtaani kwake, karatasi hiyo hawezi kumwachia mtoto akaenda kazini.

Ushauri wangu

Ndugu Mhariri, nimesikiliza bajeti nyingi katika maisha yangu, na kwa mambo ya watoto nimejifunza kuuliza maswali matatu. Saa moja ya kulea inagharimu kiasi gani, na serikali inalipa kiasi gani katika hicho? Ni watoto gani ambao hawakutajwa? Na yule atakayewashika mikononi atalipwa nini, tena lini? Waziri anayeweza kuyajibu matatu haya ameleta mpango. Anayejibu kwa idadi ya saa tu ameleta tangazo.

Naomba wasomaji wenzangu, hasa walioko Uingereza ambao gazeti hili huwafikia kwa njia ya mtandao, watuandikie namna mambo yalivyo huko waliko, ili vijana wetu wanaojiandaa kusafiri wajue. Na walezi wa vituo vyetu vya hapa nchini nao wasikae kimya. Ninyi ndio mnaojua bei ya uji na uzito wa mtoto aliyelala. Waandikieni wabunge wenu kabla ya Juni, maana baada ya hotuba kusomwa mtakuwa mnalalamikia hesabu zilizokwisha kufungwa.

Mlezi mstaafu wa chekechea,
Morogoro.